Mafuta Yanayoishia Kwenye Breki

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta, mazungumzo ya wenye magari hurudi pale pale: gari gani linakula mafuta na gari gani halili. Huyu atasifu injini ndogo ya cc 1,300, yule ataapa kwamba dizeli ndiyo mkombozi, na wa tatu atamtaja fundi fulani wa Gerezani anayejua kusafisha nozeli. Ni nadra kusikia mtu akiuliza gari hilo linaendeshwa na nani. Hata hivyo, kila aliyewahi kumwazima shemeji yake gari anajua kwamba gari lile lile, kwenye njia ile ile, laweza kurudi mshale wa mafuta ukiwa umelala chini kuliko hesabu zote alizozizoea. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa papara, yaani kukimbiza gari, kuondoka kwa nguvu na kufunga breki ghafla, hupunguza umbali ambao lita moja ingeufikia kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tanki wala plagi ya gharama itakayomrudishia mtu kiasi hicho.

Ushauri unaotolewa kuhusu jambo hili huja kama orodha ndefu ya fanya hiki na acha kile, na dereva akishasahau nusu yake hurudi kwenye mazoea. Ni afadhali kuanza kwa kuuliza mafuta yenyewe yanakwenda wapi, maana jibu la swali hilo ndilo linalozaa karibu ushauri wote.

Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban megajuli 32. Katika gari la kawaida, robo tu ya nishati hiyo, na mara nyingi chini ya robo, ndiyo inayofika kwenye matairi; iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi, na hapo dereva hana la kufanya. Ile robo inayofika kwenye matairi ndiyo inayogawanyika kwa namna inayotegemea mguu wake. Sehemu moja huisha kwa kuipasua hewa iliyo mbele ya gari. Nyingine huisha kwenye matairi yenyewe, ambayo hubonyea na kunyooka kila yanapozunguka. Sehemu ya tatu hulipa gari mwendo, na hii ina tabia ya pekee, kwa sababu haipotei mara moja bali hukaa ndani ya gari kama akiba. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lina akiba hiyo mkononi, na dereva anaweza kuitumia yote kwa kuliacha gari litembee kwa nguvu iliyokwisha kulipiwa, au anaweza kuibadili kuwa joto la breki ndani ya sekunde 4.

Tuipime akiba hiyo kwa kipimo cha jikoni. Chukua gari dogo ambalo, pamoja na abiria wawili, lina uzito wa kilo 1,200. Kulitoa kwenye kusimama hadi kilomita 60 kwa saa kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 167 kwenye matairi, na kwa kuwa robo tu ya nishati ya petroli ndiyo inayofika huko, mafuta yanayotumika kwa kazi hiyo peke yake ni kama mililita 20, sawa na vijiko vinne vya chai. Ukilifikisha kilomita 80 kwa saa, vijiko vinakuwa zaidi ya saba, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi na si kwa kasi yenyewe. Kwa hiyo kila mara dereva anapolikimbiza gari hadi 60 na kulisimamisha kwa breki ni kana kwamba ameshuka, amefungua mfuniko wa tanki, amechota vijiko vinne na kuvimwaga kwenye lami. Akifanya hivyo mara 50 amemwaga lita nzima, na mtu anayeendesha bajaji au teksi siku nzima katika jiji la Dar es Salaam hufika mara 50 kabla ya chakula cha mchana, ingawa bajaji, kwa wepesi wake, humwaga vijiko vichache zaidi.

Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kujua mafuta yake yanaishia wapi aangalie pedali ya breki kabla ya pedali ya mafuta. Breki ni stakabadhi ya mafuta yaliyochomwa bure dakika moja iliyotangulia. Sisemi breki isikanyagwe. Mtoto akiruka barabarani hakuna anayehesabu vijiko. Ninachosema ni kwamba breki nyingi za kila siku zingeweza kuonekana zinakuja tangu mita 200 nyuma. Taa nyekundu ya makutano inaonekana kutoka mbali, basi lililowasha taa ya kuingia kituoni linaonekana, na tuta la mbele ya shule liko pale pale lilipokuwa jana na juzi. Dereva anayeliona tuta na bado akaendelea kukanyaga mafuta hadi mita 30 za mwisho ananunua mwendo ambao anajua atautupa. Kulifikia tuta kwa kasi ya 50 na kulikanyagia breki hadi karibu kusimama ni vijiko vitatu, na kijiji kimoja cha kandokando ya barabara ya Morogoro chaweza kuwa na matuta manne au matano.

Hapa liko jambo moja la kiufundi ambalo madereva wengi hawalijui, na ambalo linabadilisha kabisa namna ya kushuka mlima. Katika magari yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ambayo ni karibu magari yote ya petroli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 mwishoni, ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa bado kwenye gia na injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha, kompyuta hufunga nozeli na injini haipewi hata tone. Kinachoizungusha ni matairi. Nozeli hufunguliwa tena pale mizunguko inaposhuka karibu na ile ya kunguruma tu, yaani ya injini iliyowashwa gari likiwa limesimama. Maana yake ni kwamba mita zile 150 unazotembea ukiwa umeachia pedali kabla ya taa nyekundu hulipii chochote, ilhali yule aliyekupita kwa kishindo ili awahi kusimama mbele yako amezilipia.

Sasa linganisha na desturi ya kuweka gari huru, au "frii" kama wanavyosema barabarani, yaani kulitoa kwenye gia, kila mteremko unapoanza. Injini iliyoachwa huru lazima ijizungushe yenyewe, na ili isizime inapewa mafuta ya kunguruma muda wote wa mteremko. Ni kweli kwamba gari lililo huru huteleza mbali zaidi kwa kuwa injini hailizuii, na kwenye tambarare ndefu mtu anaweza kubishania hesabu hiyo. Kwenye mteremko mkali, ambako gari lazima lizuiwe kwa njia moja au nyingine, hakuna ubishi: aliyeko kwenye gia anazuiwa na injini bila kutumia mafuta, na aliyeko huru anatumia mafuta huku akizichosha breki. Anayeshuka Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo huisikia harufu ya breki zilizoungua kabla hajaliona lori lenyewe. Nchini Kenya, kipande cha barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kinachopita Sachangwan na Salgaa kimejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori yaliyoshushwa huru ili kuokoa dizeli, baadhi yake dizeli ambayo dereva alikusudia kuiuza njiani. Breki zikishapata moto kupita kiasi hazishiki, na kulirudisha lori la tani 30 kwenye gia likiwa limeshachukua kasi ni jambo ambalo gia yenyewe hukataa.

Mtu atauliza: katika jiji kama Dar es Salaam mtu ataachaje nafasi mbele yake, wakati kila upenyo wa mita 10 unajazwa na bodaboda, daladala au gari la mtu mwenye haraka? Swali ni la haki, na wanaotoa ushauri wa kuacha nafasi ya sekunde 3 mara nyingi huandika kama watu wasiowahi kupita Tazara saa kumi na moja jioni. Lakini tupige hesabu. Tuseme katika safari nzima magari 10 yameingia mbele yako, na kila moja limekurudisha nyuma mita 20. Jumla ni mita 200, ambazo kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sekunde 14 au 15. Hiyo ndiyo hasara yote. Kwa upande wa pili, nafasi hiyo ndiyo inayokuwezesha kwenda kwa mwendo mdogo usiokatika wakati aliyembana wa mbele anaondoka na kusimama, anaondoka na kusimama, akilipa vijiko kila mara. Kinachouma katika kuingiliwa, nadhani, ni heshima zaidi kuliko muda, na heshima hiyo ina bei yake kwenye pampu.

Tukitoka mjini, hewa ndiyo inayotawala hesabu. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa asilimia 56, na kutoka 80 hadi 120 unazidi mara mbili. Kwa gari dogo, kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu ya injini haifanyi kazi nyingine isipokuwa kusukuma hewa. Serikali zimelijua hilo zamani. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwaka 1973, Rais Nixon wa Marekani alitia saini mwezi Januari 1974 sheria iliyoshusha kikomo cha kasi kwenye barabara kuu zote za nchi hiyo hadi maili 55, takriban kilomita 88 kwa saa, na haikufutwa kabisa hadi mwaka 1995. Sisi tulipita njia nyingine. Wapo wasomaji watakaokumbuka enzi za Mwalimu Nyerere ambapo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kuendesha kwa 88 ni adhabu nyepesi zaidi kuliko kutoendesha.

Na faida ya kukimbia ni ndogo kuliko inavyohisiwa kwenye usukani. Kilomita 100 za barabara tupu kwa mwendo wa 80 ni dakika 75. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Kwa 120 ni dakika 50. Kila hatua inaokoa dakika chache kuliko iliyotangulia huku ikigharimu mafuta mengi kuliko iliyotangulia. Isitoshe, hakuna barabara tupu ya kilomita 100 kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Kuna Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Bwawani na Mikese, kila mahali pakiwa na vibao vya 50, na palipo na kibao cha 50 hapakosi askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Dereva anayekwenda 120 kati ya kijiji na kijiji hulazimika kushuka hadi 50 kila mara, na kushuka huko kutoka 120 hadi 50 hutupa akiba zaidi ya mara mbili ya ile anayoitupa aliyekuwa akienda 90. Matokeo yake ni kwamba wawili hao hukutana Msamvu, Morogoro, wakiwa wamepishana kwa dakika ambazo yule wa kwanza atazimalizia kwenye foleni ya kujaza mafuta. Mabasi na malori yamewekewa na sheria kikomo cha kilomita 80, na watu hudhani sababu ni ajali peke yake; mwenye kampuni ya usafirishaji anayejua hesabu zake angekiweka mwenyewe hata kama sheria isingekuwapo.

Katika kuondoka na kuongeza mwendo, ushauri wa zamani ni kwamba mtu aendeshe kana kwamba ameweka yai chini ya pedali. Una ukweli, lakini si wote. Injini ya petroli haipendi kubanwa: pedali inapokanyagwa kidogo sana, mlango wa hewa unakuwa karibu umefungwa, na injini hupoteza nguvu kwa kuvuta pumzi kupitia tundu dogo. Hufanya kazi kwa ufanisi zaidi inapozunguka polepole huku ikiwa na mzigo wa kutosha. Kwa hiyo anayejivuta kwenye gia ya pili kwa nusu kilomita kwa kuogopa kukanyaga mafuta haokoi chochote. Kinachofaa ni kukanyaga kwa kiasi, kufika haraka kwenye gia ya juu, na kutulia hapo. Kwa gari la gia za mkono, hii ina maana ya kubadili kabla mshale wa mizunguko haujapita 2,500 kwenye njia ya kawaida, na kutolisubirisha gari kwenye gia ya tatu kwa mwendo ambao ya nne au ya tano ingeubeba bila kutetemeka. Mlimani ni jambo jingine. Huko injini isibanwe hadi ikagonga, kwani gia ya juu inayotetemeka haina akiba yoyote ndani yake.

Kwa gari la otomatiki, mguu ndio unaoibadilisha gia. Ukishafikia mwendo unaoutaka, legeza pedali kidogo na utalisikia gari likipanda gia, sauti ya injini ikishuka wakati mwendo haushuki. Na kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na 2000, ambayo bado ndiyo yanayojaa barabarani kwetu, pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe kidogo ambacho kidole gumba hukigusa bila mwenyewe kujua. Kikibonyezwa, taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF huwaka kwenye dashibodi. Watu huiona na kudhani ni pambo, au hudhani OFF inamaanisha kitu kimezimwa salama. Kilichozimwa ni gia ya juu kabisa. Gari litakwenda Dodoma na kurudi likiwa kwenye gia ya tatu, injini ikilia kwa mizunguko mingi kuliko inavyohitajika kilomita baada ya kilomita. Nimewahi kuendesha hivyo kwa wiki kadhaa nikimlaumu aliyeniuzia petroli, hadi abiria wa nyuma, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, aliponiuliza kwa adabu kama kuna sababu ya ile taa kuwaka.

Foleni ina hesabu yake. Injini ya cc 1,500 inayonguruma bila kwenda popote hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na AC ikiwashwa huelekea kwenye lita moja au kuipita kidogo. Kwa injini iliyokwisha kupata moto, kuiwasha upya hugharimu mafuta yasiyozidi yale ya kunguruma kwa sekunde 10 hivi, kwa hiyo pale askari wa usalama barabarani anaposhika taa kwa mkono wake na upande wenu ukasimama dakika 7, kuzima ni akili. Lakini isiwe kwenye foleni inayosogea mita mbili mbili, kwa sababu betri na stata navyo vina bei, wala gari lisizimwe likiwa bado linatembea, maana usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Kuhusu AC yenyewe, kwenye joto kali na safari fupi inaweza kupunguza ufanisi wa gari kwa zaidi ya asilimia 25, kwa kuwa ndani ya dakika 10 za kwanza inapambana na tanuri lililokuwa limeegeshwa juani. Kufungua milango yote kwa dakika moja kabla ya kuondoka, kisha kushusha vioo kwa mita mia chache za mwanzo, huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo bila gharama. Mjini, vioo vilivyo wazi ni nafuu kuliko AC. Kwenye barabara kuu, vioo vilivyo wazi huikamata hewa kama tanga, na hapo ni bora kuvifunga na kuwasha AC.

Desturi ya kupasha injini moto kwa dakika 10 kila asubuhi haina kazi Dar es Salaam, na hata kwenye baridi ya Njombe nusu dakika hadi dakika moja inatosha. Injini hupata moto haraka zaidi ikiendeshwa kwa upole kuliko ikinguruma uani. Injini ya baridi hula mafuta mengi kwa sababu kompyuta huiongezea petroli na oili bado ni nzito, kwa hiyo anayekwenda dukani, akarudi, kisha baada ya saa mbili akaenda kumchukua mtoto shuleni, analipia ubaridi huo mara mbili kwa shughuli ambazo zingeingia kwenye safari moja.

Yaliyobaki ni madogo na nitayapitia upesi. Kila pauni moja ya upepo inayopungua kwenye matairi yote manne hula takriban asilimia 0.2 ya mafuta, kiasi kidogo, lakini tairi lililolegea hupata moto na kupasuka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulijali. Kipimo sahihi kiko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandika 220 au 230, ambazo ni kilopaskali, sawa na pauni 32 au 33, na fundi pancha asipoambiwa atajaza 40 kwa mazoea. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi. Keria ya juu isiyobeba kitu ishushwe, kwani hewa haijui kwamba haina mzigo. Kila kilo 45 zisizo na kazi kwenye buti hugharimu takriban asilimia 1, hivyo mfuko wa simenti uliosahaulika una bei. Petroli ya oktani ya juu haisaidii injini isiyoihitaji. Na kujaza asubuhi na mapema kwa imani kwamba mafuta ya baridi yamejikusanya zaidi ni kuamka bure: petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, ambako joto la mchana halifiki kwa haraka hiyo.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba wengi wetu hatujui magari yetu yanakula kiasi gani, kwa sababu hatununui mafuta kwa lita. Tunasema "weka ya elfu ishirini", na bei ikibadilika mwezi ujao elfu ishirini ile ile inanunua lita tofauti. Mshale ukishuka mapema hatujui kama ni bei, ni foleni, ni mguu au ni ubovu. Namba zinazoandikwa kwenye matangazo ya magari ya Kijapani hazisaidii sana. Kipimo cha zamani cha Japani, kilichojulikana kama 10-15, kilifanywa ndani ya maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, na kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilomita 70 kwa saa. Gari lililoandikiwa kilomita 18 kwa lita kwa kipimo hicho halijadanganya, ila halijawahi kufika Ubungo.

Kipimo cha kweli ni cha kujifanyia mwenyewe. Jaza tanki hadi pampu ikatike yenyewe, kisha andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, tuseme 145,310. Endesha kama kawaida, na siku ya kujaza tena rudi kwenye pampu ile ile, ujaze hadi ikatike, uandike namba mpya na lita zilizoingia. Ikiwa dashibodi inasoma 145,742 na lita zilizoingia ni 36, umetembea kilomita 432 na gari limekwenda kilomita 12 kwa kila lita. Tanki moja halitoshi, kwa sababu pampu hazikatiki sawasawa na wiki hazifanani. Chukua matangi matatu ukiendesha kwa mazoea yako, kisha matangi matatu mengine ukiwa umeamua jambo moja tu, kwamba utaachia pedali mapema kabla ya kila taa na kila tuta unaloliona. Na kama baada ya hapo namba haijapanda, kabla hujampigia fundi, tazama kwanza kwenye dashibodi kama hakuna taa ya njano ya O/D OFF.